Mgeni na Jiwe Lake: Kutoka Taita Hadi Chanthaburi

Ukitoka Voi kwenda Taveta, ukishapita Mwatate, Bura na Maktau, barabara inakaribia kilima kifupi ambacho ukisinzia dakika tano ndani ya matatu hukioni. Hicho ndicho Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza lilijaribu kukitwaa kutoka kwa Wajerumani, likashindwa vibaya. Mbele walikuwa wazungu wa Afrika Kusini, wageni waliotua nchini majuzi tu, walioamini kwamba kupigana na askari weusi ni kazi ya asubuhi moja. Zaidi ya 130 kati yao waliuawa, wakajeruhiwa au wakapotea siku hiyo. Waliowakinga wakati wa kurudi nyuma ni Wabaluchi kutoka India, watu ambao wageni hao walikuwa wamewadharau. Wenyeji wengine husimulia kwamba hata jina Salaita limetokana na neno la Kiingereza la machinjo. Wajerumani walikiita Oldorobo.

Vita vile vimeandikwa sana, na watalii huja kuona mahandaki. Kitu kinachosahaulika ni sababu ya kilima kupiganiwa: kinasimama juu ya njia. Misafara ya pembe ilipita hapa kutoka pwani kwenda Kilimanjaro. Wakati wa vita Waingereza walijenga reli kutoka Voi, wakapita Maktau na Taveta, mpaka ikaungana na ile ya Moshi. Na tangu miaka ya 1970 nchi hii iliyoizunguka njia hiyo imekuwa ikitoa kitu kidogo kuliko pembe na cha bei kuliko katani: mawe ya vito. Mengi ya mawe hayo hayaishii Mombasa wala Nairobi. Yanaishia Thailand.

Huko ndiko swali letu lilipo. Mtu wa Taita akifuata jiwe lake mpaka Thailand, akapenda mji, akapenda mtu, akaoa au akaolewa, wakaamua kufungua biashara pamoja, biashara hiyo ni ya nani?

Kabla ya hati kulikuwa na damu

Swali lenyewe si jipya kwenye njia hii. Karne ya 19 misafara ya Mombasa na Pangani ilipumzika Taveta, ndani ya msitu uliokuwa kama ngome, mahali ambapo chakula kilipatikana na Wamaasai hawakuingia kirahisi. Joseph Thomson alikaa hapo 1883 akielekea bara. Lakini mkuu wa msafara hakuweza kuacha mizigo yake kwa mtu asiyemjua. Njia mojawapo ya kupata mtu wa kumwamini ilikuwa kuchanjiana: mnachanja ngozi, mnakula kiapo, mnakuwa ndugu. Tangu siku hiyo ukimdhulumu mwenzako umejidhulumu, na ukoo mzima unajua.

Pwani walikuwa na njia nyingine, nayo ni ndoa. Mfanyabiashara wa Hadhramaut au Oman aliyeshuka Lamu au Mombasa na pepo za kaskazi hakuwa na pa kulala, hakuwa na wa kumdhamini, wala hakuwa na wa kumwambia nani analipa deni na nani anakimbia nalo. Akioa, alipata vyote kwa pamoja. Tena katika familia nyingi za waungwana wa Lamu nyumba ilikuwa ya binti, akipewa anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Yaani bidhaa za mgeni zililala chini ya dari ya mwanamke. Wakigombana, anayefunga virago anajulikana.

Sasa vuka bahari. Ayutthaya, mji mkuu wa Siam, ambayo leo ni Thailand, ulikuwa katika karne ya 17 umejaa Waajemi, Wareno, Wajapani na Waholanzi. Wanawake ndio walioshika masoko ya kila siku, na mgeni mwenye akili alijua hilo mapema. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Osoet, mwanamke wa jamii ya Wamon aliyekulia jirani na kituo cha kampuni ya Waholanzi. Alikuwa na uhusiano wa kibiashara na wa kindoa na zaidi ya mkubwa mmoja wa kituo hicho, na akawa mtu ambaye Waholanzi walimhitaji ili kufika kwa maafisa wa mfalme. Mmoja wa waume zake, Jeremias van Vliet, alizaa naye mabinti watatu. Van Vliet alipoondoka Siam mwanzoni mwa miaka ya 1640 alitaka kuwachukua watoto. Osoet akakataa, na dola ikawa upande wake. Mabinti walibaki naye mpaka alipofariki.

Kumbuka kisa hicho. Mgeni alikuja na meli, mtaji na kampuni kubwa nyuma yake, lakini mji ulikuwa wa Osoet.

Kijani cha Tsavo

Turudi nyumbani. Miamba ya Taita ni sehemu ya mkanda mrefu wa kale unaoshuka kutoka huku mpaka Msumbiji, miamba iliyobanwa na kupashwa moto chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka. Ndani yake kuna ganeti za rangi nyingi, na moja ni ya kijani kibichi inayotokana na madini ya vanadi. Mwanajiolojia Mskoti, Campbell Bridges, aliikuta Tanzania mwaka 1967, na miaka michache baadaye akaikuta upande wetu. Kampuni ya Tiffany ya New York ilipoanza kuitangaza 1974, iliitwa tsavoriti, kwa jina la Tsavo. Bridges alichimba Taita mpaka Agosti 2009, alipouawa na kundi la watu karibu na mgodi wake, wakati wa mzozo wa nani ana haki ya kuchimba wapi.

Mwaka 1973 Wamarekani wawili, John Saul na Tim Miller, waligundua rubi eneo la Mangare, ndani ya Tsavo Magharibi. Mwaka uliofuata wakajikuta nje ya nchi na mgodi ukiwa kwenye mikono ya watu waliokuwa karibu na wakubwa wa wakati huo. Kesi ile ilifika mpaka magazeti ya Marekani. Ukitazama visa hivi viwili utaona kitu kimoja: mgeni anaweza kuwa na leseni, ramani na shahada, na bado asiwe na mtu.

Wakati wakubwa wakivutana, wachimbaji wadogo, wale ambao Taita huitwa zurura, waliendelea na sururu zao Kasigau, Kuranze, Mkuki na Kamtonga. Mchimbaji akipata jiwe anampelekea broka. Broka anampelekea mnunuzi Voi au Nairobi. Kila mkono linapopita, bei inapanda, na yule wa shimoni ndiye asiyejua imepanda mpaka wapi. Kituo cha kukata na kuongeza thamani ya vito kilijengwa Voi, lakini kilikaa miaka bila kazi ya maana. Mawe yakaendelea kusafiri yakiwa ghafi.

Mji ambao mnunuzi hukaa na muuzaji hutembea

Chanthaburi uko kusini-mashariki mwa Bangkok, mwendo wa kama kilomita 245. Zamani ulichimba rubi na yakuti zake wenyewe, na milima ya mpakani na Kambodia ilikuwa na nyingine. Mashimo hayo yalipoanza kuisha, watu wa Chanthaburi hawakufunga duka. Walikuwa wamejifunza kazi ambayo haihitaji shimo: kuchoma mawe. Husimuliwa kwamba moto mkubwa uliounguza mji huo 1968 uliacha mawe yaliyobadilika rangi kwenye majivu, na watu wakaanza kujiuliza. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 mafundi wa Thailand walikuwa wakinunua mawe meupe yenye ukungu kutoka Sri Lanka, mawe ya kutupa, wanayatia kwenye tanuri na kuyatoa yakiwa ya buluu.

Kuanzia hapo dunia nzima ikawa shamba lao. Wanunuzi wa Thailand walifika bonde la Umba, ng'ambo ya mpaka wa Taita. Walifika Tunduru wakati wa mfumuko wa miaka ya 1990, kisha Madagascar, kisha Msumbiji baada ya rubi ya Montepuez kugunduliwa 2009. Mapema 2002 soko la dunia lilishtuka kugundua kwamba yakuti za rangi ya machungwa zilizokuwa zikiuzwa kwa bei ya juu, nyingine zikiwa zimetoka Songea, zilikuwa zimechomwa pamoja na madini ya berili ili zipate rangi hiyo. Siri ilikuwa kwenye tanuri za Chanthaburi. Siri kama hizo hazifundishwi chuoni. Zinakaa ndani ya familia, baba kwa mwana, mjomba kwa mpwa, na mkwe akibahatika.

Soko lenyewe liko wazi mwisho wa wiki, na utaratibu wake unachekesha ukiuona mara ya kwanza. Mnunuzi ndiye anayekodi meza na kukaa. Wauzaji ndio wanaotembea meza hadi meza wakiwa na vifurushi vya karatasi mfukoni. Miongoni mwa wanaotembea siku hizi ni Waafrika, wengi kutoka Guinea na nchi nyingine za Magharibi, na wa kwetu Afrika Mashariki pia. Baadhi wamekaa miaka, wanazungumza Kithai cha sokoni, wameoa huko na wana watoto shuleni.

Kutoka kutembea mpaka kukaa mezani: hiyo ndiyo safari yote. Na sheria ya Thailand imeweka mlango katikati.

Hisa 51 na hisa 49

Tuseme kijana wa Mwatate, tumwite tu kijana wa Mwatate, amemwoa Mthai na wanataka kufungua kampuni ya vito Chanthaburi. Sheria ya biashara za wageni ya 1999, iliyochukua nafasi ya ile ya 1972, inasema kampuni ambayo nusu au zaidi ya hisa zake ni za wageni ni kampuni ya kigeni. Kampuni ya kigeni hairuhusiwi kufanya biashara nyingi bila leseni maalum. Ikitaka kuuza jumla au rejareja kwa uhuru, inatakiwa mtaji wa baht milioni 100. Kijana wetu hana hiyo. Kwa hivyo wanafanya wanavyofanya wengi: mke 51, mume 49. Zamani ilibidi watafute mtu wa tatu, kwa sababu kampuni binafsi ilihitaji wenyehisa watatu. Tangu Februari 2023 wawili wanatosha.

Mume anataka pia kufanya kazi ndani ya kampuni yake. Hapo anahitaji kibali. Kwa kawaida kampuni lazima iwe na mtaji wa baht milioni 2 na Wathai wanne walioajiriwa kwa kila mgeni mmoja. Aliyeoa Mthai hupunguziwa nusu: milioni 1 na wafanyakazi wawili. Viza yenyewe ya ndoa inadai baht 400,000 benki au kipato cha 40,000 kwa mwezi. Ndoa, kwa hivyo, ni punguzo lenye hesabu kamili.

Lakini kuna jambo ambalo ndoa hailipunguzi. Mwaka 1979 Thailand iliorodhesha kazi 39 ambazo mgeni haruhusiwi kuzifanya. Mojawapo ni kukata na kung'arisha vito. Ebu fikiria hapo. Mtu wa Mwatate, ambaye babake alichimba Kamtonga, anayejua kwa kidole tu kwamba hii ni tsavoriti na ile ni chupa, haruhusiwi kuliweka jiwe la kwao kwenye gurudumu. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Chanthaburi siku ya tatu jembe anapewa mwenyeji, na mgeni anaangalia.

Na ardhi? Mgeni hamiliki ardhi Thailand. Hadi 1999 hata mwanamke wa Kithai aliyeolewa na mgeni alizuiwa kununua ardhi, kana kwamba kwa kuolewa naye amekuwa mgeni nusu. Sasa ananunua, lakini mume anasaini karatasi kwenye ofisi ya ardhi kukiri kwamba pesa zote ni za mke, mali yake binafsi, si ya ndoa. Hata kama pesa zilitoka kwa rubi ya Kuranze. Wakiachana, mali iliyochumwa ndani ya ndoa hugawanywa nusu kwa nusu, ila ile aliyoikana kwa saini yake imeshatoka kwenye hesabu.

Hapa ndipo vijiwe vyetu hujaa hadithi za watu walioliwa kila kitu. Zipo. Lakini zisikilize kutoka upande wa pili pia. Sheria hiyo hiyo ya 1999 inamwadhibu Mthai anayemshikia mgeni hisa kwa jina tu: kifungo mpaka miaka 3, au faini ya baht 100,000 mpaka milioni 1, au vyote viwili. Mke aliyewekwa kwenye kampuni ili mume apate mlango, asiyeona vitabu, asiyejua mawe yamenunuliwa kwa nani, ndiye anayeweza kusimama mbele ya hakimu. Kwa maneno mengine, ukimtumia mwenzako kama leseni, umemweka rehani. Njia halali ni moja tu, na ni ile ile ya Lamu: mwenye nyumba lazima awe na funguo kweli.

Na Mthai aliyeko Voi?

Tusijifanye watakatifu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 65, inampa mgeni ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99, na kampuni inahesabiwa kuwa ya raia ikiwa hisa zote, si 51, ni za raia. Sheria ya Madini ya 2016 inampa kibali cha uchimbaji mdogo Mkenya peke yake. Mthai akija Voi na mzani wake na tochi yake, naye anahitaji mtu. Akioa au akiolewa hapa, atangoja miaka saba ya ndoa kabla ya kuomba uraia. Kabla ya 2010 hata hilo lilikuwa na ubaguzi: mwanamume Mkenya aliweza kumwombea mke wake wa kigeni uraia, mwanamke Mkenya hakuweza kwa mumewe. Thailand nako sheria imekuwa nyepesi zaidi kwa mke wa kigeni kuliko kwa mume wa kigeni. Nchi mbili zilizo mbali hivyo, hofu moja: shemeji mwanamume atakuja kuchukua.

Tofauti iko kwenye kile ambacho kila upande unakilinda. Thailand, ambayo mashimo yake mengi yameisha, inalinda meza, tanuri na gurudumu. Sisi tunalinda shimo. Ukilinda meza, mawe ya dunia nzima yanakuja kukutafuta. Ukilinda shimo tu, unamlinda zurura katika haki yake ya kuchimba, kisha unamwachia auze kwa bei ya yule aliyemnunulia unga na baruti. Sheria ya 2016 imesema mrabaha ugawanywe asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Lakini mrabaha huhesabiwa kwa thamani iliyotangazwa, na jiwe ghafi likitangazwa Voi huwa halijapata thamani yake. Thamani inazaliwa mbele, kwenye mikono iliyoorodheshwa 1979.

Tanzania walijaribu njia ya dola: mwaka 2010 walipiga marufuku kusafirisha tanzanaiti ghafi iliyozidi gramu moja, na 2018 wakamaliza ukuta kuuzunguka mgodi wa Mererani. Unaweza kubishana kama ukuta unafundisha mtu kukata jiwe. Angalau walielewa kwamba vita viko kwenye gurudumu.

Kwa hivyo kwa kijana anayesoma hii akiwa na tiketi ya Bangkok kwenye simu, au mwenye mchumba wa huko: usiende ukidhani ndoa ni njia ya mkato. Kwenye historia ya njia hii ndoa imekuwa mkataba mzito kuliko kampuni, kwa sababu kampuni ikifa inafutwa kwenye daftari, lakini mabinti wa Osoet walibaki. Andikeni nani ameleta nini. Kila mmoja aone vitabu na awe na saini benki. Asilimia 49 si aibu kama unajua kwa nini ni 49, na kama mwenye 51 anajua mawe kama wewe.

Na kwa anayebaki Voi kuna kazi ambayo haihitaji viza. Hapa hakuna orodha ya 1979 inayomkataza mtoto wa Kasigau kukaa mbele ya gurudumu na kuigeuza kokoto ya kijani kuwa jiwe lenye nyuso hamsini. Anachokosa ni gurudumu, mwalimu na umeme usiokatika. Hivyo vyote vinanunulika kwa jiwe moja zuri, kama litauzwa kwa bei yake.